Mwacheni na Upinde Wake

Kikao cha wazazi wetu wa Afrika Mashariki na Kongo, tunaoishi hapa La Rochelle na Rosettenville, kimeamua kwamba upinde wa kijana mmoja wa miaka 15 uvunjwe. Sisi tuliobaki wachache siku ile tunaandika kupinga.

Vyombo vyenyewe tumeviona. Upinde ni bomba la maji la plastiki, kalipasha moto jikoni kwa mama yake na kulibapa pande mbili. Ugwe ni kamba ya nailoni. Mishale ni fito za mwanzi, manyoya yake vipande vya chupa ya soda. Podo kaishona kwa mguu wa suruali ya jinzi. Ana pia manati ya tyubu ya baiskeli, na anasema waziwazi kwamba anataka kuwa mwindaji.

Wazee walitoa hoja mbili. Ya kwanza ni hatari, nayo ni ya kweli. Johannesburg iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai plastiki ile hukakamaa. Inaweza kupasuka ikiwa imevutwa, mbele ya macho yake. Ugwe ukiachiwa bila mshale, nguvu yote hurudi kwenye upinde wenyewe. Je, nani kikaoni alimweleza hayo? Sheria nayo ielezwe ilivyo. Sheria ya silaha ya mwaka 2000 inaweka miaka 21 kwa anayetaka leseni ya bunduki, lakini upinde si bunduki. Kuwinda ndiko kunakohitaji ruhusa ya mwenye shamba na kibali cha jimbo. Kwa hiyo ndege wa Wemmer Pan wasiguswe. Tulimwambia, akasikia.

Hoja ya pili ndiyo iliyotuudhi: kwamba huo ni ushenzi wa porini, hatukuvuka mipaka yote ile ili watoto warudi kwenye mishale. Ushenzi! Wasanye wa nyuma ya pwani ya Kenya walichonga pinde zenye mvuto wa zaidi ya ratili 100, wakaangusha ndovu. Sumu yao waliichemsha kutokana na msunguti, mti uleule ambao Mfaransa Arnaud alitoa ouabaini yake mwaka 1888, na madaktari wa Ulaya wakaitumia kutibu moyo. Hiyo kwetu ni uhandisi na kemia, hata kama hakuna aliyepewa cheti.

Mwaka 1948 Tsavo ikatangazwa hifadhi, na katikati ya miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ikawasaka Wasanye na kuwafunga jela kama majangili. Hatusemi walikuwa malaika, pembe waliziuza. Ila miaka ileile mgeni mwenye bunduki na leseni alipiga ndovu wake, akapigwa picha kaweka mguu juu, akaitwa mwanamichezo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji kwa wote mwaka 1977 tu. Na hapa Afrika Kusini hadi leo watu hupanda ndege kutoka Marekani kuja kuwinda kwa upinde, wakilipa kwa dola, na hakuna mzee wetu anayewaita washenzi. Neno hilo tumelihifadhi kwa watoto wetu.

Mama mmoja aliuliza kwa nini asicheze mpira kama wenzake. Anacheza, mama. Beki wa kulia.

Bomba lile liwekwe kando, hapo tunakubaliana na kikao. Badala yake kijana apewe mti. Wasan wa Kalahari huchonga pinde zao kwa mti wa jamii ya mkole, na mmoja wetu ana randa, tupa na banio la meza gereji kwake. Shabaha iwe gunia la majani makavu, ukuta nyuma yake, mtu mzima kando. Akifikia umri, tutafute mwenye shamba Limpopo atakayekubali kumpokea kwa kibali, na atakachopiga akichune mwenyewe na kukila.

Kikao kijacho ni Jumapili ya kwanza ya mwezi. Upinde uko kwa katibu. Tunaomba aje nao ukiwa mzima.