Kitambaa Kifutacho na Kitambaa Kikwaruzacho



Wapenzi wasomaji, wiki hii twaanza na kosa letu wenyewe. Siku mbili kabla ya Idi tulimwagiza kijana wetu aoshe gari la nyumbani, kwani tulikusudia kuliuza baada ya sikukuu ili tulipe karo ya dadake. Akatuuliza atumie kitambaa gani. Tukamjibu achukue chochote kilichoanikwa uani. Akachukua taulo kuukuu iliyokuwa imeanguka mchangani, akaikung'uta, akafanya kazi kwa bidii. Asubuhi yake, jua lilipopiga boneti, ile rangi nyeusi ilionekana imejaa mikwaruzo myembamba ya mviringo, mithili ya utando wa buibui. Tulimkaripia kijana, kisha tukajirudi. Ruhusa ya taulo ile ilitoka kwetu.

Tabaka la juu la rangi ya gari, lile angavu linalong'aa, aghalabu ni jembamba kuliko unywele. Haliharibiwi na maji wala kwa kawaida na kitambaa safi chenyewe. Liharibulo ni chembe za mchanga zilizonaswa baina ya kitambaa na rangi. Nasi wa Pwani twaishi na mchanga, vumbi la matumbawe na chumvi ya bahari. Kulifuta gari kavu lenye vumbi, hata kwa kitambaa cha thamani, ni kulipiga msasa.

Kitambaa kifaacho zaidi ni cha maikrofaiba, kifumwacho kwa nyuzi nyembamba mno za poliesta na nailoni. Nyuzi hizo hunyanyua uchafu na kuuficha ndani ya manyoya yake, badala ya kuuburuta juu ya rangi. Fulana kuukuu haina manyoya ya kuuficha uchafu huo, na mishono yake migumu yaweza kukwaruza. Shati lenye vifungo ndilo baya zaidi.

Dukani, tazama uzito ulioandikwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Kitambaa cha gramu 300 hadi 400 chatosha kwa kufuta na kupaka polishi, na cha gramu 500 au zaidi chafaa kukausha, kwani hunywa maji mengi. Papasa kingo zake: zikiwa na uzi mgumu, kiache. Ondoa lebo kabla ya kukitumia. Ukiwa na shaka, kisugue juu ya sidii kuukuu, kisha uitazame juani. Kikiiacha na mikwaruzo, kitaliacha gari lako vivyo hivyo.

Pili, kila kitambaa kiwe na kazi yake. Twapendekeza rangi tatu: moja ya bodi, ya pili ya vioo na ndani ya gari, ya tatu ya rimu na sehemu za chini. Rimu hubeba unga wa chuma utokao kwenye breki, na kitambaa chake kisirudi kwenye bodi hata kikifuliwa. Nacho kilichoanguka chini kisiguse rangi mpaka kifuliwe vyema. Kukikung'uta hakutoshi.

Tatu, kioshe kwanza mchanga utoke kwa maji, ndipo uguse rangi. Twajua kwamba mitaa yetu mingi hununua maji kwa mitungi. Ndoo mbili zatosha: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa kila mara kabla ya kukirudisha kwenye sabuni. Maji yasipopatikana, ni heri gari likae na vumbi lake hadi kesho.

Mwisho, vitambaa hivi vifuliwe peke yake, kwani nguo za pamba huviachia nyuzi. Tumia sabuni ya maji kidogo na maji ya vuguvugu. Dawa ya kulainishia nguo huziba manyoya yake, nayo dawa ya kutoa madoa huyadhoofisha. Vianike pasipo vumbi, kisha uvihifadhi katika mfuko uliofungwa.

Na lile gari? Jirani mmoja alitushauri tupake polishi nzito ifiche mikwaruzo hadi mauzo yakamilike. Tulikataa. Tulimwonyesha mnunuzi boneti juani, tukamweleza yaliyotokea. Akapunguza bei, naye alikuwa na haki. Karo iliyopungua tuliijazia kidogo kidogo kwa miezi miwili. Kijana naye tulimwomba radhi mbele ya mamake na dadake, kwani ndiye aliyeuliza, nasi ndio tuliojibu bila kufikiri.

Basi mwanao akikuuliza atumie kitambaa gani, inuka umchagulie.

Wabillahi tawfiq.