Mwanafunzi wa Ifo Apangishwe kwa Hati Gani?

Kwa Kamishna wa Wakimbizi,
Idara ya Huduma za Wakimbizi, Nairobi.

Mheshimiwa Kamishna,

Nakuandikia kutoka Ifo, mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab, ambako ninafundisha sekondari. Matokeo ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, yakitoka, hawakosekani watoto wetu waliofikisha alama za kuingia chuo kikuu, na baadhi yao huitwa Chuo Kikuu cha Garissa, mwendo wa kilomita mia moja hivi kutoka hapa. Jamaa hukusanyika, dua ikasomwa, chai ikanywewa mpaka usiku. Baada ya hapo huanza shughuli ya kutafuta mahali pa kulala, na ndiyo inayowakwamisha wengi kabla hawajaingia darasani.

Katika vyuo vya umma nchini si kila mwanafunzi hupata kitanda hosteli. Anayekosa huzunguka mabulla, yaani mitaa ya mji, kama Iftin au Garissa Ndogo, akiulizia chumba. Mkenya akipata chumba hutoa kitambulisho, kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti, akapewa ufunguo. Kijana wa Ifo hutoa kadi ya mkimbizi pamoja na kibali cha kusafiri. Mwenye nyumba hutazama kibali hicho, macho yakatua kwenye tarehe ya mwisho. Muhula una miezi kadhaa. Karatasi inasema mpangaji huyu anatakiwa kurudi kambini kabla muhula haujaisha. Chumba alichoambiwa ki wazi asubuhi, jioni kimeshapata mtu.

Simlaumu mwenye nyumba. Garissa haijasahau tarehe 2 Aprili 2015, siku watu 148 walipouawa katika shambulio la kigaidi chuoni, wengi wao wanafunzi. Chuo kilifungwa, kikafunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Mji ulioonja msiba wa namna hiyo una haki ya kujua nani analala wapi, na wazee wa Nyumba Kumi, wanaosimamia usalama mitaani, wana haki ya kuuliza. Lakini tazama tunachofanya sasa. Kijana aliyekataliwa chumba harudi Ifo na kuacha masomo kirahisi hivyo. Hulala kwa mjomba wiki moja, kwa mwenzake wiki nyingine, pengine chumba cha watu wawili wakajibana watano, jina lake lisiandikwe popote. Usalama gani unaopatikana hapo? Mwanafunzi mwenye anwani, anayejulikana na chifu na mwenye nyumba, ni rahisi kumfuatilia kuliko anayehamahama na begi lake.

Naye aliyebahatika kupata chumba hana raha. Kibali kikikaribia kuisha, anaacha vipindi arudi kambini kuomba kingine, apite tena vizuizi vya barabarani huku kodi ikiendelea kuhesabiwa. Kumbuka kodi hiyo inatoka wapi. Mkopo wa elimu ya juu wa HELB si wake, kwa kuwa si raia. Ufadhili wa DAFI kwa wanafunzi wakimbizi, ambao umekuwepo tangu 1992, huwafikia wachache. Waliobaki wanategemea ndugu walio ng'ambo, na familia ambazo chakula chao cha mgao kimepunguzwa tena na tena miaka hii.

Kwa wasichana mlango huu ni mwembamba zaidi. Mzazi wa Ifo aliyekubali binti yake asome hadi kidato cha nne atataka kujua analala kwa nani, na jirani ni nani. Ukimjibu kwamba bado anatafuta, na hati yenyewe inaisha muda si mrefu, atamwambia abaki nyumbani. Nimewaona wasichana wenye akili wakibaki hivyo, na inaniuma.

Mheshimiwa, Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ilikusudia hati za mkimbizi zimtambulishe anapotafuta huduma. Mwezi Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, ili kambi za Dadaab na Kakuma ziwe makazi ambamo wakimbizi na wenyeji wanaishi na kuhudumiwa pamoja. Ifo ilianzishwa mwaka 1991. Wanafunzi ninaowafundisha wamezaliwa hapa, wanafanya mitihani ya Kenya, wanaandika insha za Kiswahili. Safari ya kwanza ya maisha yao nje ya kambi ni hii ya kwenda chuo, katika kaunti hii hii walikozaliwa.

Ninachoomba ni kimoja. Barua ya kujiunga na chuo kikuu iwe msingi wa kibali cha mwaka mzima wa masomo, kinachohuishwa chuo kikithibitisha kwamba mwanafunzi bado anasoma. Kibali hicho kiandikwe waziwazi kwamba mwenyewe anaruhusiwa kupanga nyumba Garissa, kiwe na muhuri wa idara yako na nambari ambayo mwenye nyumba au chifu anaweza kuuliza. Hakihitaji jengo jipya wala fedha za wafadhili.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huripoti vyuoni karibu na Septemba. Waraka wako ukifika ofisi ya Dadaab kabla ya hapo, watapata muda wa kutafuta vyumba wakiwa na hati ya kuonyesha.

Wako mwaminifu,
Mwalimu, Ifo