Tumbo hupunguzwa, huzuni je?

Yupo mama ambaye usiku hula jikoni peke yake, taa imezimwa, harakaharaka, hadi tumbo linamuuma, kisha hulia. Nyumbani anaitwa mlafi. Jina hilo hatulikubali. Tangu mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unaihesabu hali hiyo kuwa maradhi kamili, inapomrudia mtu walau mara moja kwa wiki kwa miezi 3.

Wengine huikimbilia tiba ya upasuaji. Aina moja huondoa takriban asilimia 80 ya mfuko wa tumbo. Unaosalia hulingana na ndizi. Sinia la pilau halimaliziki tena. Lakini aiskrimu, chokoleti na juisi za sukari hupenya kidogo kidogo kutwa nzima, na uzito hurejea. Ndiyo maana twasema mtaalamu wa saikolojia aonwe kabla ya kisu, na baada yake asiachwe.

Nanyi akina baba, msiwahesabie wake zenu matonge. Waulizeni kwa upole kinachowakosesha usingizi. Ramadhani ikikaribia, aliyepasuliwa amwone daktari wake kwanza, kwani tumbo lile dogo haliwezi kupokea kwa mkupuo maji ya kutwa nzima.