Mtani huyu anacheka tu, kaburi hachimbi

Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi, na neno hilo halikuokotwa barabarani. Utani ulikuwepo nchi hii kabla ya mpira. Wahehe na Wangoni walipigana vita karne ya 19, na leo ni watani. Mmoja akifiwa, mwenzake anakuja msibani kufanya vituko: anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, anacheka watu wakilia. Hakuna anayemkasirikia. Kwa nini? Kwa sababu mtani huyo huyo ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi, na ndiye anayebeba mwili.

Sisi watu wa mpira tumechukua kicheko. Jembe tumeliacha.

Nisieleweke vibaya. Mimi utani wa Kariakoo naupenda, na nadhani ligi yetu bila huo ingekuwa chai bila sukari. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936, na tangu hapo watu hawajaacha kubandikana majina. Yanga wanaitwa vyura kwa sababu Jangwani mvua ikinyesha hapakaliki. (Na maji yenyewe yanaletwa na Mto Msimbazi, yaani hata mafuriko yana jina la mtani.) Simba waliitwa mbumbumbu, na jina hilo hawakupewa na Yanga, lilitoka mdomoni mwa mwenyekiti wao wenyewe, Ismail Aden Rage. Jangwani walilidaka tu, wakalitumia mpaka kesho.

Halafu kuna Mwakarobo. Hili kwangu ndilo kali kuliko yote. Simba kila akienda Afrika anafika robo fainali, anakwama. Ligi ya Mabingwa 2019, robo. 2021, robo. 2022 kwenye Shirikisho, robo. 2023, robo. 2024, robo. Mtu mmoja huko kijiweni akaunganisha robo na majina ya ukoo ya kule Mbeya, likapatikana jina ambalo unaweza kuliandika kwenye kitambulisho. Huo ndio utani wenye akili: una kumbukumbu, una ukweli ndani yake, na anayetaniwa naye anacheka huku anaumia.

Magoli ni hivyo hivyo. Simba walikula bata miaka mingi kwa zile 6-0 za 1977, siku Abdallah Kibadeni alipopiga hat-triki, na wakaongezea 5-0 za Mei 2012. Yanga wakalipa Novemba 5, 2023, tano kwa moja. Wiki ile ukimsalimia shabiki wa Simba kwa kunyoosha mkono, anadhani unamtania kwa vidole. Sawa kabisa. Ukipigwa tano, vumilia vidole vitano.

Tatizo langu linaanza mgeni anapotua.

Kila mmoja wao akicheza na timu ya nje, kuna Watanzania wanakwenda kumpokea mgeni, wanavaa jezi yake, wanaimba nyimbo ambazo maneno yake hawayajui. Machi 2024 ilifika mahali waziri wa michezo akasema anayetaka kuingia uwanjani na jezi ya mgeni aje na pasipoti ya huko. Ilikuwa wiki ambayo Simba anacheza na Al Ahly na Yanga anacheza na Mamelodi Sundowns, zote robo fainali, zote kwa Mkapa. Mimi sikuafiki. Shabiki kalipa kiingilio chake, avae anachotaka, askari wana kazi nyingine. Jezi haikaguliwi kwa pasipoti. Ila kuna hesabu ambayo ningependa tuifanye pamoja.

CAF hawagawi nafasi kwa kuangalia nani mzuri wa sura. Wanajumlisha pointi za klabu za kila nchi kwa misimu mitano, na nchi 12 za juu zinapeleka timu nne badala ya mbili. Msimu wa 2020/21 sisi tulipeleka mbili tu, Simba na Namungo. Msimu uliofuata tukapeleka nne: Simba, Yanga, Azam na Biashara United ya Musoma. Yanga alikuwa ameshika nafasi ya pili kwenye ligi, na bado akacheza Ligi ya Mabingwa. Pointi zile zilitafutwa na nani? Sehemu kubwa alizitafuta huyo huyo Mwakarobo. Robo zilizokuwa zinachekwa Jangwani ndizo zilizowakatia tiketi.

Sasa geuza upande wa pili. Mei na Juni 2023 Yanga alicheza fainali ya Kombe la Shirikisho na USM Alger. Alifungwa 2-1 hapa, akaenda Algiers akashinda 1-0, kombe likaondoka kwa bao la ugenini. Msimbazi walisherehekea kama wamelibeba wao. Mwaka uliofuata Yanga akafika robo ya Ligi ya Mabingwa, akatolewa kwa penalti na Mamelodi. Wakacheka tena.

Kwenye ligi ya msimu huo wa 2023/24, Simba alimaliza wa tatu, nyuma ya Yanga na Azam. Wa tatu! Kwa nchi yenye nafasi mbili, wa tatu anakaa nyumbani anaangalia kwenye runinga. Lakini Tanzania ilikuwa na nafasi nne, na pointi za Yanga zilikuwemo kwenye hesabu hiyo. Simba akaingia Shirikisho kwa mlango huo, akamtoa Al Masry kwa penalti kwa Mkapa, akamtoa Stellenbosch, akacheza fainali na RS Berkane Mei 2025.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyevaa jezi ya Waarabu wa Algiers 2023, ulikuwa unaombea fainali yako mwenyewe isiwepo. Na wewe wa Jangwani uliyeshangilia Berkane pale Zanzibar timu zilipotoka 1-1, nawe umo.

Hapa ndipo ninapoliona lile jembe. Sisemi Yanga amshangilie Simba, hiyo ni kumwomba paka amwimbie panya. Kaa nyumbani. Nuna. Omba apigwe kimoyomoyo kama huwezi kujizuia. Lakini kumpokea mgeni, kumpa moyo, kumzomea mwenzio kwake, huo ni mchezo wa mtu anayeziba kisima ambacho na yeye anachota.

Jingine ni hawa wanaotania kwa mshahara. Zamani utani ulitoka vijiweni ukapanda juu. Siku hizi unaandaliwa ofisini na wasemaji wa klabu, unashushwa kwa mashabiki kama tangazo. Haji Manara alipotoka Simba kwenda Yanga 2021, vijembe vilihama naye, na hapo ndipo wenye macho walipaswa kuona kwamba ile ni kazi kama kazi nyingine. Shabiki anayerushiana ngumi baa kwa maneno ya msemaji anapigania ajira ya mtu.

Mashabiki wakitaniana, mechi inachezwa. Viongozi wakizidi kutunishiana misuli, tunapata Machi 8, 2025. Simba walisema wamezuiwa kufanya mazoezi kwa Mkapa usiku wa kuamkia mechi, wakatangaza hawachezi, Bodi ya Ligi ikaahirisha, Yanga wakaenda uwanjani. Watu walishapanda mabasi kutoka mikoani. Mechi ikaja kuchezwa Juni 25, Yanga akashinda 2-0, na sijui ni shabiki gani wa mkoani aliyerudishiwa nauli yake ya Machi.

Na hili la kumwambia kipa kauza mechi kwa sababu tu mpira umempita, kisha matusi yanahamia kwa mama yake na mtoto wake, sitalijadili sana. Huo si utani, hata ukiufungia khanga.

Turudi kwenye kazi. Mwakarobo alifariki Aprili 9, 2025, usiku ule wa penalti na Al Masry. Yanga mnadaiwa jina jipya, na lisiwe la kuazima. Simba nanyi, vyura tumewasikia kila masika. Tafuteni lingine kabla ya mechi ijayo.