Kaburi Likipotea, Daftari Lisipotee

Ndugu zangu, wengi wetu tulio ughaibuni tukirudi nyumbani baada ya miaka mingi tunauliza swali lile lile: kaburi la babu liko wapi? Tunaoneshwa barabara, fremu za maduka, au ukuta wa nyumba ya mtu. Tunalaumu serikali, tunalaumu kanisa, kisha tunapanda ndege. Hoja yangu ni kwamba tunalilia kaburi huku tukisahau daftari.

Wanaoishi London wanaijua stesheni ya Euston. Pembeni yake palikuwa na makaburi ya kanisa la St James, yaliyofungwa mwaka 1853. Baadaye pakawa bustani ya watu kupumzika. Mwaka 2018 na 2019 wakafukuliwa maelfu ya marehemu kupisha reli ya HS2. Mmoja wao alikuwa Matthew Flinders, nahodha aliyechora ramani ya Australia na kufariki mwaka 1814. Kaburi lake lilikuwa limepotea kabisa. Alitambuliwa Januari 2019 kwa bamba la jina lililokuwa juu ya jeneza lake, na Julai 2024 akazikwa upya kijijini kwao Donington. Pale pale alizikwa Bill Richmond, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani New York akawa bondia maarufu Uingereza. Kiwanja hakipo tena, lakini majina yao yapo.

Kwa nini yapo? Kwa sababu Waingereza waliamriwa tangu mwaka 1538 kwamba kila kanisa liandike ubatizo, ndoa na maziko. Makaburi yao wameyavunja sana tu, tusidanganyane, na reli imepita juu ya mengi. Lakini mjukuu akitafuta, anaanzia kwenye karatasi, si kwenye jiwe.

Sasa tuje kwetu. Wapo watu ambao kwao jambo hili ni zito kuliko kwa wengine. Baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa mwaka 1873, wamisionari wa CMS walianzisha Freretown, Mombasa, na wale wa UMCA walikuwa na Mbweni, Unguja. Walipokelewa huko watu waliookolewa majahazini, wengine watoto wadogo. Wengine waliletwa kutoka India, walikolelewa na misheni baada ya kukombolewa baharini. Walibatizwa, wakapewa majina mapya. Mtu aliyeitwa jina la Kiyao na mama yake akafa akiitwa John.

Tunapenda kusema mwacha asili ni mtumwa. Hawa hawakuacha asili; walinyang'anywa kwa kufanywa watumwa. Mwenzangu aliyezaliwa kijijini anaweza kuhesabiwa na wazee mababu saba. Mjukuu wa John atahesabiwa na nani? Kwake mstari mmoja wa daftari la kanisa, wenye jina na tarehe, unaweza kuwa ndio ukoo wote alionao. Kaburi likivunjwa na daftari likiliwa na mchwa, mtu huyo amefutwa mara ya pili.

Na tazameni kinyume kilichopo. Barua na ripoti za wamisionari wa CMS zimetunzwa vizuri Chuo Kikuu cha Birmingham, na za UMCA ziko Oxford. Kwa sisi tunaoishi Uingereza ni safari ya treni. Kwa mjukuu aliyeko Kisauni ni safari ya viza.

Kuna watakaosema sheria ipo. Ni kweli, Tanzania ina sheria ya kuhamisha makaburi tangu mwaka 1969, inayotaka tangazo litolewe na jamaa wafidiwe gharama za kuhamisha. Lakini tangazo linamfikiaje aliyeko Muscat au Minneapolis? Na asiyejua kwamba marehemu ni wake atajitokezaje?

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, makanisa ya zamani ya pwani yapige picha kila ukurasa wa madaftari yao, na nakala ikae nyaraka za taifa. Kamera ya simu inatosha kuanzia. Pili, kabla kaburi lolote halijaguswa, kila jina linaloonekana liandikwe na lipigwe picha, na orodha iwe wazi kwa umma. Tatu, sisi wa nje, tunaochangishana kwa harusi na misiba bila kuombwa mara mbili, tuchangie kazi hii, na walio karibu na Birmingham na Oxford waende wakasome, wawapelekee wenzao nyumbani wanachokikuta.

Barabara zitajengwa, na watu wanazihitaji. Sipingi barabara. Ninachokataa ni greda kupita juu ya jina ambalo halijaandikwa popote.

Naomba kutoa hoja.