Shule ya Msingi ya Misioni na Wajibu Wetu Wazazi

Kila mwezi wa Januari unapokaribia, mazungumzo yetu sisi makarani huwa ya namna moja tu: nani amempatia mtoto wake nafasi katika shule ya mapadre au ya masista, ada ni kiasi gani, na basi la shule lapita njia ipi. Hatuoni kosa katika mazungumzo hayo, maana mzazi asiyejali shule ya mtoto wake hafai kuitwa mzazi. Lakini tumesikiliza sana, na maneno mengine hatujayasikia bado. Hakuna aulizaye watoto hao husali pamoja na nani, wala mkatekista wao ni nani, wala kama mtoto wa mfua chuma aishiye nyuma ya ukuta wa shule aweza kuingia kwa mlango ule ule wa watoto wetu. Ndiyo sababu tumeandika habari hizi, tukimwomba radhi Bwana Mhariri ikiwa zitakula nafasi kubwa.

Yafaa tuanze mbali kidogo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868, wanafunzi wao wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa katika utumwa. Hawakuwa na baba wala mama wa kuwalipia ada. Msaada wa kuwatunza ulitoka Ulaya, na sehemu yake ililetwa na shirika la Utoto Mtakatifu, ambalo Forbin-Janson, Askofu wa Nancy katika Ufaransa, alilianzisha mwaka 1843 ili watoto wawasaidie watoto, kwa sala fupi kila siku na sarafu ndogo kila mwezi. Watoto wa Bagamoyo walisoma, walisali, walilima shamba, na wengine walifundishwa kazi za mikono. Tufani kubwa ya mwezi wa Aprili 1872 ilipobomoa majengo, walijenga tena. Hatusemi kwamba yote yalikuwa mema. Nidhamu ilikuwa kali, na mtoto hakuulizwa apenda nini; tena kijiji cha Wakristo kilikaa peke yake, kama kisiwa kati ya wenyeji. Lakini shule, shamba, kanisa na nyumba vilikuwa kitu kimoja, na aliyekuwa maskini kuliko wote ndiye aliyekuwa mwanafunzi.

Baadaye mapadre walipoenea bara, shule nyingi zilikuwa vibanda vya nyasi, na mwalimu alikuwa mkatekista mwenye elimu kidogo na moyo mkubwa. Wazazi ndio waliokata miti na kuezeka. Kisha ikaja sheria ya elimu ya mwaka 1927 katika Tanganyika, iliyoweka msaada wa fedha za Serikali kwa shule za misioni zilizotimiza masharti yake. Na mwaka 1928 Askofu Arthur Hinsley, mjumbe wa Baba Mtakatifu, aliwaambia maaskofu mjini Dar es Salaam kwamba wasipoweza kutimiza kazi mbili, yaani kuhubiri na kufundisha shule, basi waziache hata kanisa zao nyuma ili wazikamilishe shule. Neno hilo lilikuwa zito sana. Matunda yake twayaona hata leo, kwa maana wengi walioshika kazi za Serikali baada ya Uhuru walipita katika madawati yale. Ila tusisahau upande wa pili: kibanda cha nyasi hakikupata msaada, na yule mkatekista asiye na cheti alibaki nyuma akifundisha kwa mshahara mdogo, au bila mshahara.

Kulikuwa na jambo jingine tena, na ni haki kulitaja bila kuficha. Wazazi Waislamu wengi waliogopa kuwapeleka watoto wao katika shule za misioni wasije wakabadilishwa dini, na kwa kuwa shule nyingi zilikuwa za misioni, watoto wao walikosa. Serikali ya Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa Mkatoliki aliyebatizwa mwaka 1943 na kufundisha katika shule za misioni za Tabora na Pugu, ilizitwaa shule zilizokuwa zikipewa msaada, kwa sheria ya mwaka 1969. Seminari ziliachwa. Wako Wakatoliki walionung'unika wakati ule, na wako wanaonung'unika hata sasa. Sisi twaona kwamba kusudi la sheria ile lilikuwa la haki, ijapokuwa majengo mengi hayakutunzwa vizuri baadaye.

Jambo tunalotaka lifikiriwe ni hili: shule zilipotwaliwa, imani ya watoto haikufa. Katika miaka ile ile ya 1970 maaskofu wa Afrika ya Mashariki waliamua, katika mikutano yao ya 1973 na 1976, kwamba maisha ya Kanisa yasimame juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, nyumba chache za jirani zikisali na kusaidiana. Huko ndiko mtoto alikojifunza kusali akiwa na wazee, kubeba maji ya mgonjwa, kukaa kimya katika matanga na kuchanga senti chache. Shuleni nako palikuwa na kipindi cha dini. Sisi tulio na umri wa miaka thelathini na kitu, wengi wetu tulianza darasa la kwanza katika shule za Serikali. Twakumbuka mkatekista alivyofika kwa miguu, viatu vimejaa vumbi, akakuta watoto mia na zaidi chini ya mwembe, na sheikh naye amewakusanya wa kwake upande wa pili wa uwanja. Kipindi kikiisha tulirudi darasani pamoja, na hakuna aliyemtazama mwenzake kwa jicho baya. Kwa masomo ya dini hatukuwa na vitabu. Tulikuwa na kumbukumbu tu, na mpaka leo maswali na majibu yale hatujayasahau.

Tangu miaka ya 1990 mlango umefunguliwa tena. Mwezi wa Februari 1992 Serikali ilitia sahihi mapatano na makanisa juu ya huduma za elimu na afya, na majimbo na mashirika ya masista yakaanza kujenga shule za msingi upya. Ni shule nzuri: zina madirisha ya vioo, walimu wa kutosha, vyoo safi, na watoto wake hufaulu mtihani wa darasa la saba. Lakini nyingi ni za mchepuo wa Kiingereza na nyingi hudai ada ambayo mkulima hawezi kuilipa. Hatuwalaumu mapadre wala masista peke yao. Mwalimu hulipwa mshahara, umeme hulipwa, na Serikali haiwapi fungu. Ada ya shule za msingi za Serikali ilifutwa mwaka 2001. Ya shule hizi haiwezi kufutwa kwa maneno matupu. Hata hivyo yatupasa kukumbuka kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, uliwaomba sana wachungaji na waamini kwamba shule za Kikatoliki ziwaangalie hasa walio maskini wa mali, wasio na msaada wa jamaa, na hata wale wasio na imani. Tukiyaweka maneno hayo mbele ya orodha ya majina ya darasa la kwanza, twaona nini?

Tuseme sasa habari zetu wenyewe wazazi, maana hapo ndipo penye kidonda. Tamko lile lile lasema kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yaongeza kwamba wazazi na walimu washirikiane kwa karibu, na kwamba mikutano au vyama vya wazazi vianzishwe na kuheshimiwa. Sisi tumefanya nini? Tumelipa benki, tumeweka stakabadhi katika bahasha, tukahesabu kwamba wajibu umekwisha. Katika shule moja ya parokia ambayo hatutaitaja kwa jina, mkutano wa wazazi uliitishwa siku ya Jumamosi. Ajenda ya ada na ya basi ilichukua saa mbili na nusu, kwa kelele. Ilipofika ajenda ya mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, viti vilikuwa vitupu, na sista aliyesimama kuieleza aliwaeleza wapishi na walinzi.

Wako wazazi walioandika barua kulalamika kwamba watoto wao wamefagia uwanja na kumwagilia bustani ya mboga. Wanasema hawakulipa ada ili mtoto ashike ufagio. Ajabu kubwa! Watoto wa Bagamoyo walilima, Mwalimu Nyerere alihimiza kazi ya mikono katika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na sisi wenyewe tulibeba madumu ya maji kutoka mtoni. Leo ufagio umekuwa aibu. Mtoto asiyefagia mahali anaposali atajuaje kwamba mahali hapo ni pake?

Jambo la lugha nalo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mtoto hufundishwa sala kwa Kiingereza shuleni, na huzisema vizuri sana, hata wageni hupiga makofi siku ya mahafali. Akienda likizo kwa bibi yake kijijini, bibi ashika rozari jioni na kuanza kwa Kiswahili, au kwa lugha ya kwao, na mtoto anyamaza. Si kwamba hana imani. Hana maneno. Bibi naye hudhani kwamba mjukuu amekwisha potea. Hatusemi Kiingereza kiachwe, kwa kuwa sisi makarani twajua faida yake kazini, bali twasema sala ifundishwe kwanza kwa lugha inayosaliwa nyumbani na katika jumuiya. Hilo halidai hata shilingi moja.

Na jumuiya yenyewe je? Jumuiya zetu nyingi hukutana Jumamosi asubuhi. Siku hiyo hiyo watoto wa darasa la nne na la saba huitwa katika masomo ya ziada, na mzazi huona fahari kwamba mwanawe hapumziki. Basi mtoto wa shule ya Kikatoliki huwa hajulikani na Wakatoliki wa mtaa wake! Akifika umri wa Kipaimara, mwenyekiti wa jumuiya huombwa atie sahihi barua kwamba amjua mtoto huyo, naye humwuliza mama: ni yupi kati ya hawa? Wakati jirani yake, anayesoma shule ya Serikali, husoma somo la Injili mbele ya wazee na kutumwa kumpelekea mgonjwa uji.

Kadhalika mabweni. Mwaka 2023 Serikali ilikataza bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalum. Wako wenzetu waliokasirika, wakisema masista hulea vizuri kuliko mayaya. Labda ni kweli. Lakini mtoto wa miaka sita hujifunza kumwita Mungu Baba kwa kumtazama baba aliye nyumbani, hata kama baba huyo hurudi amechoka na kulala kitini. Sisi twaishukuru Serikali kwa katazo lile, na twaomba wakuu wa shule wasitafute vibali pasipo haja ya kweli.

Hapo juu tulitaja Waislamu, na hatupendi kuliacha bila neno. Katika shule hizi wamo watoto wao, na wamo wa madhehebu mengine, kwa sababu wazazi wao hupenda nidhamu yake. Wapewe heshima yao yote. Wasilazimishwe kusema sala isiyo yao, na siku ya Idi wasihesabiwe kuwa watoro. Shule iliyo na imani yake haina haja ya kumvizia mtoto wa mwingine.

Basi, wanachama wenzetu walio Wakatoliki, twaleta shauri. Watoto wengi wa imani yetu hawamo katika shule hizi zenye kuta. Wamo katika shule za Serikali, na kipindi chao cha dini humtegemea mkatekista mmoja mwenye vijiji vinne au vitano. Kila mwaka twachanga fedha nyingi kwa mahafali ya darasa la saba: turubai, keki, maua, mpiga picha, na majoho ambayo mtoto huvaa saa mbili tu. Twaomba kwamba katika mkutano wa wazazi wa Januari kila mmoja wetu asimame, asiogope kuchekwa, atoe hoja kwamba nusu ya mchango huo igawanywe mara mbili. Fungu moja limlipie ada mtoto mmoja wa jirani ya shule ambaye wazazi wake hawawezi, naye achaguliwe na jumuiya ya mtaa, si na sisi. Fungu la pili limnunulie mkatekista wa shule za Serikali baiskeli na vitabu. Hesabu za fedha hizo zibandikwe katika mlango wa kanisa, kwa mwandiko unaosomeka, na mtunza fedha awe mtu asiye na mtoto katika shule ile.

Wanachama wa vituo vingine watakaopata jibu kutoka kwa kamati za shule zao, liwe la kukubali au la kukataa, twaomba waliandike na kulipeleka kwa Katibu kabla ya mwisho wa Februari, ili lichapwe katika toleo la Machi.