Laptopu haijui mtoto alipokwama

Mnaikumbuka laptopu ya dola 100 aliyoinadi Nicholas Negroponte mwaka 2005? Mpe mtoto mashine, atajifunza mwenyewe! Peru ikanunua laki kadhaa. Mwaka 2012 watafiti waliochunguza shule 319 za mashambani huko hawakuona watoto wakiboreka katika hesabu wala lugha. (Uwezo wa kufikiri ulipanda kidogo, tusidhulumu.)

Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Kuiambia mashine iseme "jibu si sahihi" ni rahisi mno. Lakini mtoto aliyesahau kukopa kwenye hesabu ya kutoa, mwalimu hutazama daftari lake na kuona kosa lilipoanzia. Jamani, pesa zikiwa chache, mimi ningeanza na mafunzo ya walimu, mashine zifuate.